Mkebe wa Susu na Kigoda cha Musyoka

Nyinyi vijana mnaoingia chumba cha upasuaji siku hizi na viatu vya rangi na kofia zenye maua, njooni hapa kidogo. Mimi ni Sista Mbithe. Nilikuwa muuguzi wa upasuaji hapa Kitui mpaka nikastaafu, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa nashika kamera. Si kamera ya harusi. Ni chuma chembamba, urefu wake kama rula ya shule, kinachoingizwa tumboni kupitia tundu la kitovuni. Daktari anatazama skrini, anaingiza vyuma vingine virefu kwenye matundu mengine madogo, na anafanya kazi yote humo ndani bila kumpasua mgonjwa kama mbuzi wa Krismasi.

Watu hudhani kushika kamera ni kusimama tu. Jirani yangu hapa Matinyani aliniuliza, "Yaani kazi yako ni kushika?" Nikampa kijiko kilichojaa maji, nikamwambia anyooshe mkono na asimwage hata tone, huku mimi namwambia kushoto, kulia, karibia, rudi, usitetemeke. Alivumilia dakika mbili, akakumbuka kwamba ng'ombe wake hajanywa maji.

Kwa hivyo mkiona mtu ameshika kamera kwa saa tano, mheshimuni. Mleteeni hata chai. Ila chai nayo ina hadithi yake, nitaifikia.

Kwanza mjue tulikuwa nani. Daktari wetu aliitwa Mutua, mpasuaji wa watoto, kijana wa hukuhuku Ukambani aliyeenda kusomea mbali na akarudi nyumbani. Alikuwa mrefu mno. Meza ilibidi ipandishwe ili mgongo wake usivunjike, na ikipandishwa, mimi niliyeumbwa kwa kipimo cha kiasi nilikuwa naona miguu ya mgonjwa tu. Mume wangu Musyoka, mwalimu mstaafu ambaye baada ya kustaafu aligundua ghafla kwamba yeye ni seremala, alinitengenezea kigoda cha kupandia. Alikipaka rangi ya mafuta ya kijani, mara tatu, ili kifutike vizuri kwa dawa. Alijivunia kigoda kile kuliko watoto wetu wote.

Aliyewalaza wagonjwa usingizi alikuwa Hamisi, mtu wa Mwingi ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani. Kwa sababu hiyo alijiona ndiye mwenye Kiswahili na sisi wengine tumeazima tu. Ukisema "kitabu yangu" alishika kifua kana kwamba umemkanyaga. Kazi yake aliijua sana, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Siku moja tulikuwa tunatoa kidole tumbo cha mwalimu mkuu fulani, kamera iko ndani, kimya kimetawala, na Hamisi akaanza kusoma kwa sauti ya chini ripoti ya mwisho wa muhula ya kile kidole tumbo: "Nidhamu, mbaya. Ushirikiano na wenzake, hakuna. Anahamishwa shule." Nilicheka. Sasa ukicheka umeshika kamera, kila kitu kwenye skrini kinacheka nawe. Matumbo yaliruka, ini likaruka, na Daktari Mutua akainua mikono yake na vyuma vyake akasema taratibu, "Sista, tetemeko likiisha mniambie."

Nilikasirika, na nikikasirika huwa natunga sheria. Niliandika kwenye karatasi: KAMERA IKIWA NDANI, HAMISI HANA MDOMO. Nikamwambia atie sahihi. Akatia, kwa mwandiko mzuri sana, na nikaibandika kwenye mashine yake ya usingizi. Ikumbukeni karatasi hiyo.

Na chai? Kioo cha kamera kinapoingia tumboni kwenye joto kikiwa baridi, kinashika ukungu na huoni kitu. Dawa yake ni maji ya moto, safi kabisa, ndani ya thamosi iliyochemshwa. Unakichovya, unakifuta, unaingia. Asubuhi moja, mgonjwa hata hajaguswa, nikamwambia mwenzangu amimine kwenye bakuli. Ikatoka chai ya maziwa. Ya tangawizi. Mtu alikuwa amebadilisha thamosi kwenye meza ya nje, na mtu huyo ni mimi. Tulianza kila kitu upya, vyombo vyote vikachemshwa tena, na kwenye chumba cha mapumziko watu walikuwa wamejimiminia vikombe vya maji ya moto wakidhani hospitali imeishiwa majani. Tangu siku hiyo thamosi ya kamera niliifunga kitambaa chekundu shingoni. Nanyi fungeni.

Basi sasa nije kwa Mwende.

Alikuwa na miaka minne. Alikuja na nyanya yake kutoka Mbumbuni, kule Makueni, kwa sababu mama yake alikuwa amejifungua juzi tu. Sisi wote tulimwita yule bibi Susu, kama wajukuu wake walivyomwita. Alikuwa mwembamba, leso mbili, hasira moja. Mtoto alikuwa na macho ya manjano, anaumwa tumbo, linaacha, linarudi. Na Susu alikuwa amebeba mkebe wa bati wa majani ya chai, wenye picha ya kuku ubavuni.

Sasa, watu wa Makueni hawaji mikono mitupu. Watakuletea machungwa, maembe, zile choroko tunazoziita ndengu. Na Hamisi alikuwa na udhaifu mkubwa kwa ndengu. Tulikuwa tumesimama kwenye korido, mimi, Hamisi na Daktari Mutua, Susu akaja moja kwa moja akaunyoosha ule mkebe kwa mikono miwili.

"Nimewaletea hii muone."

"Ahsante sana Susu," Hamisi akasema, akiupokea haraka kabla sisi hatujanyoosha mkono. "Wallahi hukuwa na haja ya kujisumbua."

Akafungua kifuniko, akaingiza pua anuse harufu ya shamba.

Hamisi aliufunga mkebe. Akaniwekea mkononi. Akatoka nje akasimama karibu na tangi la maji akitazama mawingu kwa muda mrefu.

"Mmeona?" Susu akasema. "Ni nyeupe. Ni kama majivu. Choo ya mtoto inakuwa nyeupe kwani amekula chokaa? Nimeenda huko zahanati mara nne nikiwaambia, wananipatia dawa ya minyoo. Dawa ya minyoo, dawa ya minyoo. Nikasema wacha niwabebee, pengine macho yenu iko sawa kushinda masikio."

Mimi nilikuwa bado napigana na kicheko. Daktari Mutua hakucheka. Alichukua mkebe mkononi mwangu, akaenda nao dirishani kwenye mwanga, akatazama ndani kama mtu anayesoma barua. Kisha akachuchumaa mbele ya Mwende, na akichuchumaa yule bado ni mrefu, akamgusa tumbo upande wa kulia.

"Susu," akasema, "umefanya vizuri sana kuleta hii."

Yule bibi aliketi kwenye benchi. Nadhani hakuwa ameambiwa maneno hayo na mtu yeyote wa hospitali.

Picha ya tumbo ilionyesha ubaya. Ini hutengeneza nyongo, na nyongo hushuka kwenye mrija mdogo hadi utumboni. Ndiyo hiyo inayokipa choo rangi yake. Mrija wa Mwende ulikuwa umevimba katikati ukawa mfuko mkubwa kama limau. Alizaliwa hivyo. Nyongo ilikuwa inakwama humo, inachacha, inarudi kwenye ini na kwenye damu. Ukiuacha, ini linaharibika, na mtu akikua mfuko huo unaweza kugeuka saratani. Hakuna dawa ya kuuyeyusha. Unatolewa wote, kisha unaleta utumbo juu na kuushona kwenye kipande cha mrija kilichobaki chini ya ini. Kipande hicho, kwa mtoto wa miaka minne, hakizidi mrija wa kalamu. Mshono ukivuja, nyongo inamwagika tumboni na mtoto yuko hatarini. Mshono ukibana, mtarudi palepale.

Susu alitaka kuelezwa na mimi, si na daktari. Nilichora kibuyu chenye shingo juu na shingo chini.

"Kwa hivyo mnatoa kibuyu."

"Ii, Mwaitu," nikamjibu kwa Kikamba, ndiyo mama.

"Na mnatoboa mashimo ndogo hivi," akaonyesha ncha ya kidole.

"Ndogo hivyo."

"Sasa kibuyu itatoka aje kwa shimo ndogo hivyo? Ama mnanichezea?"

"Tunaimwaga kwanza, inanywea, tunaitolea kwa kitovu."

Akafikiri. "Na nikisema mpasue tu ile kubwa, kama watu wa kawaida?"

"Itafanyika pia, na pia atapona. Hii kidonda yake ni ndogo, na anaamka na maumivu kidogo. Lakini Daktari akiona ni ngumu, atapasua ile kubwa, hatang'ang'ana."

"Na mimi nitajua aje mmefaulu? Nyinyi mnasemanga tu 'imeenda vizuri.'"

Nikamwambia ukweli. "Ukiona choo imerudi rangi yake, Susu, tumefaulu."

Akauvuta mkebe wake, akauweka mapajani. "Basi hiyo nitaangalia mwenyewe."

Baba yake Mwende alikuja kutia sahihi, lakini kila mtu pale alijua ruhusa ilikuwa ya nani.

Daktari Mutua alikuwa ameshafanya upasuaji huu alikosomea. Sisi wengine hatukuwa tumewahi. Tulikuwa tumetoa vidole tumbo na vifuko vya nyongo vya watu wazima, lakini kushona mrija wa kalamu kwa vyuma virefu, hapana. Akasema tufanye mazoezi wiki tatu, na hapo ndipo mbuzi wakaingia.

Matumbo ya mbuzi ni mazuri kwa mazoezi, na Kitui hatujawahi kukosa mbuzi. Mimi nilinunua buchani, mbuzi wa Mwingi, na nikamwomba muuzaji aniachie ini likiwa na mrija wake wa nyongo. Alinitazama vibaya lakini akanipa. Tulichukua katoni tupu ya chupa za dripu, tukatoboa matundu, tukaweka matumbo ndani na kamera ya zamani juu. Daktari anashona, mimi nashika. Nyuzi zilikuwa zile zilizopitwa na tarehe, za buluu. Akimaliza mshono, tunapitisha maji yenye bizari kwa sindano, tuone kama manjano itavuja. Ilivuja. Mara ya kwanza ilivuja mpaka kwenye viatu vyangu. Mara ya pili, ya tatu, ya sita. Daktari alikata tu na kuanza upya, na mimi nikajifunza kumfuata mkono wake badala ya kufuata ninachopenda kutazama. Hilo ndilo kosa la kila anayeanza. Mimi nilipenda kutazama ini. Ni zuri, na mimi ni mpishi. Kila mara Daktari alikuwa akiuliza, "Sista, sindano yangu iko wapi?" na sindano iko kushoto, na mimi niko kwenye maini.

Mabaki ya mazoezi nilikuwa nabeba nyumbani kumpikia mbwa wetu, baada ya kutoa nyuzi. Ijumaa moja nilichoka, nikaweka mfuko kwenye friji nikisema nitatoa nyuzi kesho. Karibu nao niliweka mfuko mwingine wa matumbo mazuri, kwa sababu Jumamosi tulikuwa na ushirika wa kanisa nyumbani kwetu na pasta angekuja chakula cha mchana.

Mmeshajua. Nilikuwa nje napanga viti, Musyoka akapika.

Tukakaa. Pasta akaomba, akabariki mikono iliyopika. Akatia tonge, akatafuna. Akatulia. Akatafuna tena, akihamisha kutoka shavu hili hadi lile.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "hii matumbo iko na mshipa kiasi."

Akaingiza vidole akaushika. Ukatoka uzi wa buluu. Akavuta, uzi ukaja, ukaja, na mwisho wake vipande viwili vya utumbo vikaning'inia vimeshonwa pamoja nadhifu kabisa. Chumba kizima kiliacha kula. Musyoka akasema ni kamba ya muuza nyama. Pasta akajaribu kuvitenganisha kwa mikono. Vikakataa. Akajaribu kwa meno.

Hapo mimi ningepaswa kufa kwa aibu. Badala yake nilijikuta nimesimama, nimeinama juu ya sahani ya mtumishi wa Mungu.

"Pasta, vuta tena kidogo."

"Nivute?"

"Vuta kwa nguvu. Imeachia?"

"Aiya, Sista! Haijaachia."

"Haleluya!" nikasema, na watu wote, bila kujua kinachoendelea, wakajibu amina.

Jumatatu nikamwendea Daktari. "Ule mshono wako wa Ijumaa. Umechemshwa kwa saa mbili, umekaangwa na vitunguu, umevutwa na pasta kwa meno. Umeshika."

Akauliza, "Pasta yuko sawa?"

"Yuko sawa. Ila amesema kwetu atakula kuku tu."

Ni kweli mshono wa mbuzi aliyechemshwa hauthibitishi lolote kuhusu mtoto aliye hai, na msiende kuandika mtihani mkasema Sista Mbithe amesema. Lakini kuanzia wiki hiyo mishono yote ya kwenye katoni ilishika maji ya bizari, na Hamisi kila akipita alikuwa anauliza, "Pasta amepitisha?"

Siku ya Mwende tulianza asubuhi. Susu alikaa kwenye benchi nje ya mlango na mkebe wake mapajani, umeoshwa mpaka kuku wa ubavuni akafifia. Mwende alikuwa mezani ananitazama nimevaa barakoa.

"Hiyo kamera itanipiga picha nikilala?"

"Itakupiga."

"Nicheke?"

"Cheka kwa ndani," nikamwambia, na ilibidi nigeuke, kwa sababu barakoa inaficha mdomo lakini macho haifichi.

Hamisi akamlaza. Akanionyesha karatasi yangu ya sheria, akaziba midomo yake kwa vidole viwili, na kweli akanyamaza. Saa ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mfuko ulitolewa, ukamwagwa, ukanywea, kama nilivyomwahidi Susu. Utumbo ukaandaliwa. Saa ya tatu ikaisha na tukafika kwenye mshono wenyewe, ule mrija wa kalamu, uzi mwembamba kuliko unywele. Nilikuwa juu ya kigoda cha Musyoka na sikuwa natazama ini hata kidogo.

Kwa pembe ya jicho nikaona Hamisi ameketi kwenye kiti chake, jicho moja kwenye mashine, mkono mmoja hewani. Ananionyesha vidole viwili vinatembea. Halafu vidole vinachanuka. Halafu vinaanguka. Nikajua ameanza mchezo wake, na nikapandwa na hasira. Nikakaza macho kwenye skrini. Akaonyesha chini. Nikatikisa kichwa. Akanyooshea kidole karatasi ya sheria, akaonyesha mdomo wake, akakunja mikono kama mtu anayeomba. Nikamnunia.

Kigoda kikalia. Mguu mmoja ukatoka nje, na mimi nikashuka upande wa kushoto.

Sindano ya Daktari ilikuwa katikati ya ukuta wa mrija wa mtoto. Picha ikainama. Ningeanguka na kamera, ile picha ingepotea naye akiwa ameshika sindano gizani. Sijui ni nani alinifundisha, pengine kile kijiko cha maji, lakini mwili wangu ulishuka na mkono ukabaki juu palepale, nimening'inia kama nguo kwenye kamba.

"Hakuna mtu kusogea," Daktari akasema. Sauti yake haikupanda. Nilimwogopea yule mtoto.

Hapo nikahisi kitu kigumu kimesukumwa chini ya mguu wangu, na bega la mtu kwenye nyonga yangu. Hamisi, bila kuondoa jicho kwenye mashine yake, alikuwa amevuta kwa mguu katoni iliyojaa chupa za dripu, na sasa alikuwa amenitegemeza.

"Ongea!" nikamwambia. "Hamisi, ongea!"

"Kigoda kinavunjika," Hamisi akasema, kwa Kiswahili safi.

"Ahsante kwa taarifa," Daktari akajibu. "Sista, upeo wangu umeinama."

Nikainyoosha picha. Sindano ikapita. Akafunga fundo, akashika lingine. Nilimaliza nimesimama juu ya katoni ya dripu, na Hamisi alibaki na bega lake pale hadi mwisho, na hakuna aliyecheka.

Tulipotoka niliing'oa ile karatasi nikaichana. Nilimwomba Hamisi msamaha mbele ya wote. Mtu alikuwa ameona hatari na hakuweza kusema, kwa sababu mimi mkubwa wake kwa umri nilikuwa nimeudhika na kichekesho. Ndiyo maana nawaambia nyinyi, hata mfagiaji akiona kitu chumbani humo, aseme. Na yeye akasema kwa miezi sita mfululizo bila kupumua.

Nilimpelekea Musyoka vipande vya kigoda. Akavigeuza, akasema tatizo ni mimi nasimama vibaya.

Kisha ikabaki kungoja. Mrija wa kutolea maji tumboni ndio tuliouchungulia kwanza. Manjano ikionekana humo, mshono umevuja. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Macho ya mtoto yakaanza kuwa meupe. Siku ya nne alikuwa anakunywa uji na kudai chapati, lakini choo hakuna. Ghafla kila mtu wa hospitali akawa na shughuli kwenye wadi ya watoto. Daktari Mutua alipita mara tatu kabla ya saa nne. Hamisi, ambaye hana kazi yoyote wadini, alikuja kukagua kama soketi za ukutani ni imara.

"Susu," Mwende akauliza, "kwa nini hawa watu wote wananiuliza choo?"

"Ni kazi yao. Walisomea hiyo."

Siku ya tano, saa tano asubuhi, tulikuwa watatu kwenye ile korido. Susu akatokea mwisho wake, polepole, leso mbili, mkebe mikononi. Alikuja moja kwa moja kwa Hamisi, akaunyoosha.

Hamisi akarudi hatua moja. "Susu. Ni ndengu?"

"Fungua."

"Naomba Mungu," Hamisi akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "naomba Mungu zisiwe ndengu."

Akafungua. Akatazama. Akaingiza pua, kwa hiari yake.

"Kahawia!" akapiga kelele, watu wa foleni ya dawa wakasimama. "Wallahi ni kahawia! Kahawia ya kweli!"

Daktari Mutua akaupokea, akatazama, akatafuta pa kukaa. Hakukuwa na kiti, akaketi sakafuni urefu wake wote, mgongo ukutani, mkebe mapajani, na akalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kabla yake.

"Sasa mnalia nini?" Susu akatukaripia, huku leso moja iko machoni pake. "Si ni choo tu?"

Siku ya kuruhusiwa aliniachia ule mkebe. Alisema Mbumbuni ana mingine. Niliuosha, nikauchemsha kwenye mashine yetu ya vyombo mara tatu, na tangu nistaafu uko jikoni kwangu Matinyani, natia sukari. Hamisi akinitembelea hunywa chai bila sukari. Amekuwa hivyo miaka yote na husema ni mambo ya sukari ya damu.

Mwezi uliopita Mwende alikuja na baba yake kuniletea ndengu. Yuko gredi ya saba, ana miguu mirefu na maswali mengi. Hamisi alikuwepo na kikombe chake kisichotiwa sukari. Nikamsogezea msichana ule mkebe wa kuku, nikamweleza mbele ya Hamisi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ulikuwa na nini.

Alisikiliza yote. Akautazama mkebe, akamtazama Hamisi. Akafungua, akatia vijiko vinne kwenye chai yake, akalamba kijiko.